Je, Serikali ni ya Kuogopwa?

Tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja msomaji wetu, mjane, ambaye ametuomba tusitaje jina lake wala mji wake. Ana kijana wa miaka 21 aliye chuoni. Kijana huyo hushiriki maandamano, na tangu mwaka 2024 wawili hao hawaelewani nyumbani. Mama humwambia mwanawe kwamba serikali ni ya kuogopwa, mwenye nguvu mpishe. Kijana humjibu, "Mama, ninyi mlilelewa kwa hofu. Serikali ndiyo inayopaswa kutuogopa sisi." Mama anamaliza barua yake hivi: "Nani kati yetu anasema kweli? Na kama huo ndio uhuru, mbona mimi silali?"

Tumezoea katika safu hii kuzungumza juu ya chanjo, kunyonyesha, presha na mambo ya ndoa. Huenda wengine wakauliza muuguzi ana nini cha kusema juu ya serikali. Lakini mama asiyelala ni mgonjwa wetu, hata kama kinachomnyima usingizi hakionekani kwa vipimo. Tena barua za namna hii zimekuwa nyingi, na kinamama wanaoziandika si wanasiasa. Ni watu wanaomsubiri mtoto arudi jioni.

Kwanza tuyaangalie maneno yenyewe, maana Kiswahili chetu kina hazina. Tunayo maneno matatu ambayo watu huyachanganya: kuogopa, kuheshimu na kucha. Nyoka tunamwogopa. Mzee tunamheshimu. Mungu tunamcha. Anayemwogopa nyoka hukimbia, lakini anayemcha Mungu humkaribia. Mtoto anayemheshimu baba yake humwambia amevunja kikombe, na yule anayemwogopa hukificha kile kikombe chini ya kitanda. Basi tunapoulizwa kama serikali ni ya kuogopwa, tutazame ni neno lipi kati ya hayo linalotumika.

Watu wetu hutania kwamba serikali maana yake ni "siri kali". Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba neno hilo lina asili ya Kiajemi na halihusiani na siri yoyote, lakini utani hauzuki bure. Neno uhuru nalo lina asili ya Kiarabu. Mtu huru ni yule ambaye si mtumwa wa mtu. Si mtu anayefanya lolote alitakalo, la hasha. Ni mtu asiye na bwana wa kumwamulia anavyotaka.

Hofu sisi wauguzi tunaijua, maana huja kliniki kila siku. Mama akimwogopa muuguzi hatamwambia kwamba vidonge vilimsumbua akaviacha. Atasema, "Nilimeza vyote, sista." Daktari ataona presha haijashuka, atamwongezea dawa, na mama atarudi nyumbani na kifurushi kikubwa zaidi cha dawa asizomeza. Muuguzi mkali anayeogopwa na wodi nzima huona mambo yote yako sawa, kumbe ndiye asiyejua lolote. Tunaamini ni vivyo hivyo kwa chifu, kwa gavana na kwa Rais. Anayeogopwa haambiwi ukweli, na asiyeambiwa ukweli hutibu ugonjwa usiokuwapo.

Tulishuhudia jambo kubwa zaidi mwaka 2020. Wakati wa korona serikali yetu ya Kenya ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi mwaka huo, mwanzoni kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Amri hiyo, ingawa saa zake zilibadilishwa mara kadhaa, haikuondolewa hadi Oktoba 2021. Nia yake ilikuwa kuzuia ugonjwa, na hatuna ugomvi na nia hiyo. Lakini tangu usiku wa kwanza watu walipigwa virungu barabarani, na katika siku chache zilizofuata wengine walipoteza maisha mikononi mwa polisi. Habari hizo zilifika kila mtaa.

Uchungu wa uzazi hauangalii saa. Sisi wauguzi tulikuwa na vitambulisho vya kazi vya kuonyesha kwenye vizuizi. Mama mwenye uchungu hakuwa na karatasi yoyote mkononi, na mwenye teksi au pikipiki alikataa kutoka kwa kuogopa kipigo. Basi kinamama walingoja. Tuliwapokea kulipopambazuka, mmoja akiwa amesukuma tangu saa 6 usiku kwenye sakafu ya nyumba ya mabati, jirani akimshika mkono. Wapo waliofika wakiwa wametokwa damu nyingi. Wapo waliofika na mtoto aliyekwisha kunyamaza. Unapomuuliza, "Mama, mbona hukuja usiku?" anakutazama kana kwamba wewe ndiwe huelewi. "Niliogopa askari, sista." Jijini Nairobi madaktari wa uzazi walilazimika kuanzisha mpango wa magari ya bure ya kuwachukua wajawazito usiku, na mpango huo uliokoa wengi. Lakini tafakari, msomaji: serikali ilitaka kuokoa maisha, na hofu ya serikali hiyo hiyo ikamzuia mama kufika hospitali ya serikali.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kumwambia mama huyu kwamba hofu ni ulinzi. Hofu ina gharama yake, nayo mara nyingi hulipwa na mtu asiye na kosa.

Hata hivyo, hatumshangai. Vijana wakisema kwamba tulilelewa kwa hofu wanasema kweli. Mwezi wa Juni 1982 katiba ya Kenya ilibadilishwa kwa kuongezwa kifungu cha 2A, kilichosema kwamba nchi itakuwa na chama kimoja tu. Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi zao, na polisi wakapewa uwezo wa kumweka mtu aliyeshukiwa makosa makubwa kwa siku 14 kabla ya kumfikisha mahakamani. Mwaka huo huo kulikuwa na kura ya mlolongo. Watu walipanga mstari nyuma ya picha ya mgombea mchana kweupe, huku kila mtu akionekana na chifu, na mwajiri, na jirani. Mara nyingine mstari mfupi ulitangazwa mshindi. Viongozi wa makanisa walikuwa wameupinga utaratibu huo mapema, wakisema kwamba mchungaji hawezi kujipanga hadharani nyuma ya mtu mmoja kisha akawa mchungaji wa wote. Hawakusikilizwa.

Katikati ya Nairobi kuna jumba refu liitwalo Nyayo House. Kwa miaka mingi watu wamepanga foleni hapo kuomba pasipoti. Chini ya jengo hilo kulikuwa na vyumba vya giza ambamo watu walioshukiwa kuipinga serikali waliwekwa, wakapigwa, wakanyimwa chakula, na sakafu ikajazwa maji ili wasiweze kulala. Vyumba hivyo vilifunguliwa wananchi wavione mwaka 2003. Katika miaka hiyo sisi tulikuwa watoto, na tulichofundishwa nyumbani ni kupunguza sauti. Jina la Rais halikutajwa ndani ya matatu. Mgeni akiingia mazungumzo yaligeuka, watu wakaanza kusifu mvua.

Sasa tuwageukie kinamama, maana walioivunja hofu hiyo hadharani ni wao, tena wengi wao walikuwa vikongwe.

Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991, na nchi ikafurahi. Lakini watu waliofungwa kwa sababu za kisiasa walibaki gerezani. Mmoja wao alikuwa Koigi wa Wamwere, aliyekamatwa mwaka 1990 na kushtakiwa kwa uhaini. Mama yake, Monica Wangui Wamwere, pamoja na mama za wafungwa wengine, walimwendea Wangari Maathai. Huyu alikuwa mwanamke msomi aliyeanzisha shughuli za kupanda miti, na mwaka 1989 alikuwa amepinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya bustani ya Uhuru Park.

Tarehe 28 Februari 1992 kinamama hao walikwenda kwa Mkuu wa Sheria. Walipeleka ombi lao kama raia wanavyotakiwa, kwamba watoto wetu waachiliwe, sheria iliyowafunga imekwisha kupitwa na wakati. Wakaambiwa waende nyumbani, jambo lao litaangaliwa. Hawakwenda nyumbani. Walikwenda Uhuru Park, wakatandika matandiko chini, wakawasha mishumaa, wakafunga kula, wakasema watawangoja watoto wao hapo.

Kilichofuata hakikutarajiwa. Watu walianza kufika, kwanza wachache, kisha mamia. Mmoja mmoja walisimama na kueleza waliyotendewa katika vyumba vya giza, mambo ambayo wengine hawakuwa wamemweleza hata mke. Tunajua kazi hiyo jinsi ilivyo, maana katika uuguzi jipu lililofunikwa ndilo linalotia sumu mwilini. Pale chini ya miti watu walikuwa wakitoa usaha wa miaka mingi, na waliowasikiliza ni kinamama waliokaa chini na shuka zao.

Tarehe 3 Machi polisi walikuja na virungu na gesi ya kutoa machozi. Wangari Maathai alipigwa akapoteza fahamu, akapelekwa hospitali. Baadhi ya kinamama wale wazee, walipoona hawana kingine cha kujikinga, walivua nguo zao mbele ya askari. Msomaji wetu usione haya kusoma jambo hili. Katika makabila mengi ya nchi yetu mama mzee akimvulia nguo kijana wa umri wa mwanawe, hilo ni laana. Walikuwa wakiwaambia askari: mnatupiga, nasi ndio tuliowazaa. Askari kadhaa waligeuza nyuso zao.

Mahali pale pameitwa Kona ya Uhuru tangu siku hizo. Kinamama hawakutawanyika. Walikwenda katika Kanisa Kuu la All Saints, lisilo mbali na bustani hiyo, wakafunguliwa chumba cha chini, nao wakakaa humo karibu mwaka mzima. Wengine walilala hapo sakafuni wakiwa na umri wa miaka 60 na 70. Mwanzoni mwa 1993 wafungwa karibu wote waliokuwa wakiwadai waliachiliwa.

Jambo hilo halikuwa la kwanza katika mji ule. Tarehe 16 Machi 1922, miaka 70 kabla yake, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kumdai Harry Thuku, aliyekamatwa kwa kupinga kodi, kipande na kazi za kulazimishwa, zikiwemo zile walizofanyishwa wanawake na wasichana. Wanaume walipotaka kuondoka baada ya mazungumzo yasiyo na matunda, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake juu, akawaambia wachukue nguo yake nao wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele, askari wakafyatua risasi. Watu zaidi ya 20 waliuawa, na Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Katika shule nyingi watoto hufundishwa jina la Thuku tu. Barabara kubwa jirani na mahali pale inaitwa kwa jina lake.

Je, hapo tumesema kwamba kijana yuko sahihi na mama amekosea? Bado. Tuna neno na kijana pia.

Usemi wake kwamba serikali iwaogope wananchi unapendwa sana siku hizi. Mara nyingi watu husema ni maneno ya Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais wa tatu wa Marekani. Watunzaji wa nyumba yake ya Monticello wamesema kwamba hawajauona usemi huo mahali popote katika maandishi yake. Tuuache basi bila mwenyewe, tuupime kwa uzito wake.

Katika wodi ya dharura mgonjwa wa hatari kuliko wote si mwovu. Ni yule mwenye hofu. Mtu aliyechanganyikiwa kwa homa kali huona kila mkono ni wa adui. Humpiga muuguzi anayemletea maji. Serikali nayo ikiogopa haigeuki kuwa pole. Hujifungia ndani, husikiliza wapelelezi, huona jeshi la maadui mahali palipo na kinamama wenye mishumaa. Hebu jiulize, ni nani aliyekuwa na hofu zaidi pale Uhuru Park mwaka 1992? Mwenye amani moyoni hatumi kikosi chenye virungu kuwaondoa bibi waliofunga kula. Serikali ile ilikuwa imekwisha kuwaogopa wananchi wake, na ndiyo sababu ilipiga. Tarehe 25 Juni 2024 vijana walipoingia katika majengo ya Bunge kuupinga Mswada wa Fedha, watu walipigwa risasi wakafa. Siku ya pili yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Wengine walisema, mnaona, ameogopa, tumeshinda. Lakini katika miezi iliyofuata vijana walichukuliwa na watu wasio na sare, wengine wakakaa wiki nyingi bila wazazi kujua waliko, na mwaka 2025 watu waliuawa tena katika maandamano. Kama ile ilikuwa hofu ya serikali, basi ilizaa matunda machungu.

Kwa hiyo hatutaki mmoja amwogope mwenzake. Tunachotaka ni kwamba wote wawili, mkubwa na mdogo, wawe chini ya sheria moja, na mkubwa aulizwe kama mdogo anavyoulizwa. Wazee wetu walisema ukubwa ni jaa, maana kila mtu huja kutupa taka zake hapo. Kiongozi asiyetaka kutupiwa maswali na malalamiko amekataa ukubwa wenyewe. Na kwetu sisi uhuru ni jambo dogo lakini la thamani: mtu mnyonge aweze kumwuliza mwenye nguvu swali, kisha arudi nyumbani, ale, alale, na kesho aamkie kazini. Nchi inaweza kuwa na bendera, wimbo wa taifa na uchaguzi kila miaka 5, lakini kama swali humfanya muulizaji alale nje ya nyumba yake, hapo uhuru haujakamilika. Hali kadhalika, kijana anayevunja duka la mtu wakati wa maandamano hajatumia uhuru. Mwenye duka naye ni raia, na mara nyingi ni mama kama wewe aliyekopa kwenye chama.

Kuna ndugu katika makanisa yetu watakaotukumbusha Warumi 13, ambapo Mtume Paulo anaagiza kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Tunaikubali sura hiyo yote, pamoja na sehemu ambayo husomwa haraka haraka, isemayo kwamba mtawala ni mtumishi kwa ajili ya mema yetu na kwamba atendaye mema hana sababu ya kumwogopa. Tena tumtazame Paulo mwenyewe alivyoishi. Katika Matendo 22, alipofungwa tayari kupigwa mijeledi, hakutukana wala hakunyamaza. Alimwuliza akida kama ni halali kumpiga raia wa Rumi ambaye hajahukumiwa. Na kule Filipi, sura ya 16, wakuu walipotuma watu wamtoe gerezani kimya kimya, alikataa. Walimpiga hadharani bila hukumu, basi waje wenyewe wamtoe. Wakaja. Huyo ndiye aliyeandika tuitii mamlaka, na hakuona kwamba kuuliza sheria inasemaje ni uasi.

Nasi tulio katika kazi ya uuguzi tuna mama zetu wawili katika Kutoka sura ya 1, wakunga Shifra na Pua. Farao aliwaamuru wawaue watoto wa kiume wakati wa kuzaliwa. Hawakushika silaha, hawakuitisha mkutano. Walifanya tu kazi yao kama inavyotakiwa kufanywa, watoto wakaishi. Biblia inatoa sababu moja, nayo ni kwamba walimcha Mungu. Jina la Farao yule haikulitaja, lakini majina ya wakunga hao tunayo.

Sasa mama mpendwa, tuje kwako na kwa usingizi wako. Hatukuambii umruhusu mwanao wala umkataze. Ana miaka 21, ni mtu mzima, na ukimkataza ataondoka bila kukuaga, jambo ambalo ni baya zaidi. Tunakuomba ubadilishe mazungumzo ya nyumbani. Badala ya kumwambia aogope, muulizeni pamoja: sheria inasemaje? Maana mambo mengi ambayo kinamama wa 1992 hawakuwa nayo, wewe unayo kwenye katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Waliyalipia wao na wengine, usiyaache kabatini.

Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Wanaoandaa maandamano hutakiwa kuwapa polisi taarifa, isiyopungua siku 3 wala kuzidi siku 14 kabla yake. Ni taarifa, si kuomba ruhusa. Mwambie mwanao aulize kama taarifa hiyo imepelekwa, na kama njia watakayopita inajulikana. Mkutano ambao hakuna anayejua nani ameuandaa, wala utaishia wapi, asiende.

Akikamatwa, kifungu cha 49 kinasema aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili au mtu wa kumsaidia, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, isipokuwa muda huo ukiangukia siku ambayo mahakama haifanyi kazi, ndipo hungoja siku ya kazi inayofuata. Wewe nenda kituoni ukiwa na mtu mwingine, mzee wa kanisa au jirani, usiende peke yako. Uliza kwa heshima jina lake liandikwe katika kitabu cha matukio, kile wanachokiita OB, na uandike namba yake. Dhamana ya polisi isiyo ya fedha haina malipo. Ukitakiwa kuweka fedha, dai risiti. Kama kituo cha kwanza wanasema hawamjui, nenda cha pili na cha tatu, na siku hiyo hiyo mtafute wakili aombe mahakama iamuru aletwe mbele yake. Ukimya wa siku mbili tatu ndio unaoharibu mambo.

Akiumizwa, aje hospitali kwanza. Katiba inasema katika kifungu cha 43 kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na hatudai fomu ya polisi ndipo tuzuie damu. Baadaye ripoti itolewe kituoni, ipatikane fomu ya P3, nayo ijazwe na daktari au afisa wa kliniki. Kwa wenzetu wauguzi wanaosoma ukurasa huu, tuandike katika faili tulichokiona kama kilivyo: jeraha liko wapi, lina urefu gani, lina umbo gani, mgonjwa alifika saa ngapi, alisema nini kwa maneno yake. Tusiandike "alianguka" kama hakuanguka. Akija mtu asiye na sare akitaka kumtoa mgonjwa kitandani, tumwite msimamizi wa zamu, tuombe kitambulisho na amri ya mahakama, na jina lake tuliandike pia.

Usisahau kwamba katika kanisa lako huenda yupo mama ambaye mwanawe ni askari. Naye halali siku hizo. Mkikaa benchi moja mzungumze, kwa kuwa vijana wenu wanaweza kukutana barabarani kabla ninyi hamjajuana.

Na siku akitoka, avae viatu vya kufunga kamba, si ndara. Abebe kitambulisho, chupa ya maji safi na dawa zake kama ana pumu. Gesi ikimwingia machoni asisugue. Aondoke upande upepo unakotoka, aoshe kwa maji mengi, na aliyevaa miwani ya lenzi azitoe mapema kabla ya kwenda. Namba yako ya simu aiandike kwa kalamu kwenye mkono, maana simu hupotea au huchukuliwa. Mkubaliane saa ya kupiga, na ikipita nusu saa hajapiga, uanze kuuliza.